Chumvi ya zamani au kilio cha sasa? Enzi tatu za Warhammer 40,000 kwa meza ya Arusha

Jumamosi moja ya Julai, baridi ya Njiro imetufungia ndani na masweta yetu, mwenzetu aliyetoka Moshi alichomoa kadi kwenye fungu lake, akaisoma kimya, akacheka peke yake. Kisha akailaza katikati ya meza. Mlipuko wa virusi. Hakuna aliyekuwa amesogeza hata askari mmoja, chai bado iko kwenye chupa. Maorki wangu, majitu ya kijani yapendayo vita, niliowapaka rangi wiki tatu mfululizo baada ya kazi, wakaanza kuondolewa mezani mmoja mmoja, wakarudi kwenye boksi la viatu walimotoka.

Chalii wetu mdogo, aliyeujua mchezo huu kupitia matoleo mapya, alikasirika kwa niaba yangu. "Kaka, huu sio mchezo, huu ni utani."

"Sasa umeelewa," wa Moshi akamjibu, huku anafungua chupa ya chai.

Ubishi ule haujaisha hadi leo, na kila anayetaka kujiunga nasi hujikuta ndani yake: aanze na enzi ipi? Kwa asiyeujua, Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita wa mezani kutoka Uingereza, unaochezwa kwa sanamu ndogo za askari, dadu na futi ya kupimia. Hadithi yake iko mbali sana mbele, binadamu wana himaya inayotapakaa kwenye nyota, na Kaizari wao amekaa kwenye kiti cha dhahabu zaidi ya miaka 10,000, si mzima si maiti. Kila siku watu 1,000 wenye vipaji vya akili hutolewa kafara kwa ajili yake.

Sisi tuliosimuliwa Fumo Liyongo hatushangai sana. Liyongo naye alikufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na mji mzima ukashindwa kuteka maji kwa kuogopa maiti. Habari za vita tumekuwa tukizitia chumvi tangu kale. Swali ni chumvi ya nani, na inatiwa kwenye chungu gani.

Ninapima kwa vigezo gani

Nimezipitisha enzi zote tatu kwenye mambo yale yale. Kwanza chumvi yenyewe: hadithi imekolezwa kiasi gani, na aliyeikoleza anacheka au hacheki. Pili nafasi yako, maana mchezo huu mtu hutunga jeshi lake na kisa chake. Tatu mambo ya mezani, yaani kanuni na saa. Nne upatikanaji, kwa mtu anayeishi Sakina au Majengo na si Nottingham, Uingereza, unakotoka mchezo huu. Mwishoni mwa kila enzi nasema inamfaa nani. Mimi ni wa enzi ya kwanza, nakiri mapema, hivyo mizani ikilala upande mmoja mtajua mkono wa nani umeilalia.

Enzi ya kwanza: 1987 hadi 1997

*Chumvi.* Kitabu cha kwanza, Rogue Trader, kilitoka mwaka 1987, kimeandikwa na Rick Priestley wa kampuni ya Games Workshop. Watu wale walilelewa na jarida la katuni la 2000 AD, lililoanza mwaka 1977, ambalo Judge Dredd wake ni polisi na hakimu kwa pamoja, katili wa kutisha, lakini anachorwa kwa mapozi yote ya shujaa. Msomaji anaachiwa mwenyewe agundue kwamba anachekeshwa.

Warhammer ikachukua mtindo huohuo ikaongeza ndimu. Ndani ya kitabu kile kuna mchunguzi wa wazushi, mtu ambaye kazi yake ni kuchoma sayari kwa kosa la kuwaza vibaya, na jina lake ni Obiwan Sherlock Clousseau. Shujaa wa filamu za angani, mpelelezi maarufu na inspekta mzembe wa Kifaransa, wote ndani ya mtu mmoja! Kitabu kinalitaja jina hilo bila kutabasamu, kama karani anayesoma orodha ya waliochelewa kulipa ada.

Aliyehudhuria msiba wenye watani ataielewa enzi hii haraka. Wafiwa wanalia, mtani anatumbukia kaburini, analala chali, anasema hatoki mpaka alipwe. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai deni la mbuzi la mwaka juzi. Hakuna anayesema mtani haheshimu kifo. Anakijua kifo kuliko wote pale, na kazi aliyopewa na mila ni kukisema kwa njia ambayo wafiwa wataibeba. Vitabu vya zamani vilikuwa hivyo. Ukurasa mmoja unakuhesabia waliouawa, unaofuata unakupa bunduki ya Maorki inayofyatua vijikiumbe vya kijani kupitia njia ya kuzimu, vikatokee ndani ya deraya ya adui vikiwa vimepagawa kwa hofu.

Vitabu viwili vya Realm of Chaos, vya mwaka 1988 na 1990, ndivyo ninavyovipenda zaidi. Unatumikia miungu ya machafuko, unaua, unasaliti ndugu, ukitarajia zawadi ya pembe na moto. Kisha unarusha dadu tatu za pande kumi, unatafuta namba yako kwenye jedwali linalokwenda hadi 1,000, na mungu wako anakujalia mwendo wa kuchekesha. Basi. Ndiyo malipo ya roho yako. Sijasoma mahubiri yanayoeleza vizuri zaidi kwa nini mtu asiuze roho.

Maorki wa enzi hii huongea Kiingereza cha mashabiki wa mpira wa mitaani, na huamini kwamba gari likipakwa rangi nyekundu linakwenda kasi zaidi. Sisi tunawasomea kwa Kiswahili cha Ngarenaro, "oyaa chalii, ndinga nyekundu hiyo," na aliyewahi kupanda bodaboda iliyojaa stika hahitaji maelezo mengine.

Lakini si kila kilichokuwa zamani kinastahili kutamaniwa. Mchezo wa kampuni hiyohiyo wa mapanga na uchawi, ulioanza mwaka 1983, ulikuwa katika miaka ile na sanamu za mbilikimo wa msituni wenye midomo minene, kejeli ya wazi kwa mtu mweusi. Ziliachwa, na hakuna mezani kwetu anayezidai. Mchaga anamwita Mpare bahili na wote wanacheka, kwa sababu utani wao una historia na Mpare naye ana zamu yake ya kujibu. Waliochonga mbilikimo wale hawakuwa na utani na sisi.

*Nafasi yako.* Kubwa mno. Hadithi ilikuwa na matundu kila mahali na waandishi wenyewe walikuwa wakiyaziba kwa kilichopo mkononi. Mwaka 1988 walitoa Adeptus Titanicus, mchezo wa mashine kubwa za vita. Walikuwa na muundo mmoja tu wa mashine ya plastiki, hivyo pande zote mbili zilibidi zifanane. Wakatunga vita vya ndugu kwa ndugu, uasi wa Horus, mwana wa Kaizari aliyemgeuka baba yake, na leo uasi huo ndio uti wa mgongo wa hadithi nzima. Fundi wa chuma pale Unga Limited, mwenye mabomba ya kipimo kimoja na oda za vipimo vitatu, angewaelewa kabisa.

Walifundisha pia wasomaji kuunda gari la kuelea kwa kopo la deodoranti. Mimi nililifanya hilo: kopo, kijiko cha plastiki kilichokatwa mpini, na mrija wa kalamu ya Bic kuwa mzinga. Nimelipaka kijani, nimelichubua kwa msasa lionekane limepigana. Mpwa wangu wa miaka sita alilinusa akasema, "Mjomba, kifaru chako kimejipulizia." Ni kweli, hadi leo kinanukia. Waliokua wakisuka magari ya waya na kukata ndala kuwa matairi wana mtaji tayari kwa enzi hii.

*Mezani.* Hapa ndipo unapolipa deni la raha yote hiyo. Kitabu cha 1987 kinahitaji refa, yaani mtu wa ziada anayeendesha kisa bila kupigana. Toleo la pili la mwaka 1993, lililokuja na Space Marines 20, yaani askari wakuu wa himaya, Maorki 20 na wasaidizi wao wadogo 40 ndani ya boksi moja, lina kadi juu ya kadi, mashujaa wanaofyeka vikosi peke yao, na ile kadi ya virusi. Pambano la kati linakula siku nzima. Mwenzetu wa Moshi ana kilomita 80 za kurudi, na mara mbili tumeacha vita katikati kwa sababu Noah ya mwisho haisubiri Kaizari.

*Upatikanaji.* Vitabu havichapwi tena, na nakala zilizotumika huuzwa ng'ambo kwa bei za wakusanyaji. Kifurushi changu kimoja kilikaa wiki sita kwenye ghala la msafirishaji, kikafika kona zote nne zimelowa. Askari wenyewe si tatizo, maana enzi hii inaruhusu chochote kisimame badala ya chochote.

*Inamfaa* kundi la watu wanaojuana, wenye siku nzima, na angalau mmoja anayependa kusimulia kuliko kushinda. Haimfai anayetaka pambano la haki. Haki haikuwahi kuahidiwa.

Enzi ya pili: 1998 hadi 2016

*Chumvi.* Toleo la tatu lilipotoka mwaka 1998, rangi nyekundu na njano za miaka iliyotangulia zilizimwa. Vikaja vyeusi, mifupa, mishumaa, maandishi ya sala yaliyobandikwa kwenye deraya. Ni msiba uleule, ila watani wamezuiwa getini na mchungaji ameshika kipaza sauti.

Nisiidharau. Uzito wake ni wa kweli, na usiku umeme ukikatika, mkamalizia pambano kwa taa ya chemli, hakuna enzi inayokaa mezani vizuri kama hii. Watau waliingia mwaka 2001, taifa changa linaloamini kesho itakuwa bora, na uzuri wa kisa chao ni kwamba kila msomaji mzoefu huwahurumia tangu ukurasa wa kwanza. Mwaka 2006 ukaanza mfululizo wa riwaya za uasi wa Horus, na kile kilichozaliwa kwa uhaba wa plastiki kikapata machozi ya watu wazima.

Chumvi haikuisha, ila ilibadilika. Mwaka 2011 kitabu cha Grey Knights, askari wa himaya wanaowinda mashetani, kilimleta Kaldor Draigo, anayemwangusha Mortarion, mwana wa Kaizari aliyeasi, kiumbe wa ukubwa wa hadithi zote, kisha anamchonga jina la mkuu wake aliyetangulia kwenye moyo. Enzi ya kwanza ingelisema hivyohivyo nasi tungelicheka. Hapa hujui ucheke au usimame kwa heshima, kwa sababu mwandishi naye hasemi. Mezani kwetu jina hilo limegeuka kitenzi: mtu akijisifu mno, "anatudraigo".

*Nafasi yako.* Nzuri, na kwa sababu ya ajabu: saa ilisimama. Kwa karibu miaka 20 hadithi ilikaa palepale, mwisho wa milenia ya 41, adui yuko mlangoni lakini mlango haujavunjwa. Kwa kuwa hakuna kinachosonga, sayari utakayoibuni leo haitafutwa na kitabu cha mwezi ujao.

*Mezani.* Kanuni za 1998 zilipunguzwa sana. Mnaanza baada ya chakula cha mchana, mnamaliza kabla ya magharibi. Kuelekea 2014, toleo la saba, zikavimba tena; kama unachagua, chukua za mwanzoni.

*Upatikanaji.* Havichapwi pia, lakini vilichapwa kwa wingi na havijawa vya makumbusho, hivyo nakala kuukuu hupatikana bila kuuza shamba.

*Inamfaa* mpenda huzuni na historia, msomaji wa riwaya, na mchoraji anayependa rangi za kutu na tope.

Enzi ya tatu: 2017 hadi sasa

*Chumvi.* Toleo la nane, mwaka 2017, liliitikisa saa. Mbingu zimepasuka na kugawa himaya vipande viwili, Roboute Guilliman, mwana wa Kaizari aliyelala miaka 10,000, ameamka, na ameleta askari wapya, wakubwa kuliko wale wa kale. Chumvi ni nyingi kuliko zamani, ila ni chumvi ya tenzi: watu wanainuka, bendera zinapepea, kuna hata matumaini. Maorki bado wanachekesha, hilo liandikwe. Na wale wafupi wenye ndevu na pikipiki wa enzi ya kwanza, waliofutwa kimyakimya miaka ya 1990, walirudi mwaka 2022 kwa jina la Leagues of Votann, wakiwa nadhifu kama binamu aliyeondoka Marangu na kandambili akarudi Krismasi na suti.

Wanaoikumbuka enzi ya kwanza hulalamika kwamba utani umekufa. Mimi naona umeishiwa watani. Mchezo ukichezwa na watu wachache wanaosoma majarida yaleyale, mzaha haufasiriwi. Ukisambaa duniani, yupo atakayemwona yule mchunguzi wa wazushi akadhani kweli ni mfano wa kuigwa. Novemba 2021 kampuni ililazimika kutoa tamko wazi kwamba himaya ya binadamu ni kejeli dhidi ya udikteta, na kwamba wanaobeba chuki hawakaribishwi. Mtani wa kwetu hatoi tamko. Lakini mtani wa kwetu anawajua wafiwa wote kwa majina.

*Nafasi yako.* Imebanwa katikati, wazi pembeni. Mashujaa wenye majina wamejaa jukwaani na hadithi inasonga haraka. Kisa chako cha mwaka jana kinaweza kupitwa. Faida yake ni sanamu zenyewe: ni nzuri mno, na ukigandisha vipande vya maboksi mawili unapata mtu ambaye hayupo kwenye kitabu chochote.

*Mezani.* Kanuni za msingi za toleo la kumi, la mwaka 2023, zilitolewa bure mtandaoni, na pambano ni la haki zaidi kuliko enzi nyingine zote. Chalii wetu hunifunga mara kwa mara na sina wa kumlaumu. Ubaya ni masahihisho yasiyokwisha. Usipofuatilia miezi michache unarudi kama mwanafunzi. Kwa nafasi ndogo na muda mfupi kuna Kill Team, ambapo kikosi kizima ni askari kumi hivi na meza ya kulia chakula inatosha.

*Upatikanaji.* Ndiyo enzi pekee iliyo madukani, ingawa mimi sijakuta duka lake Arusha wala Moshi. Unaagiza, unalipa usafiri na ushuru, unasubiri. Siri ndogo ya kupunguza gharama: vitako vya askari wengi wa sasa vina upana wa milimita 32, na kizibo cha soda kina karibu upana huohuo. Mama muuza soda pale mtaani alidhani nachezea promosheni.

*Inamfaa* anayeanza peke yake, anayetaka kucheza na wageni au kushindana, na kijana anayetaka hadithi inayokwenda mbele.

Sasa wewe uko wapi?

Kama mko watatu au wanne mliosoma pamoja, mnaitana majina ambayo wake zenu hawayajui, nendeni enzi ya kwanza bila kusita. Mna utani tayari, na kadi ya virusi itakuwa kisa cha kusimulia miaka kumi. Nilichojifunza siku ile ya Njiro ni kwamba chalii hakukosea kukasirika. Alikuwa na mwezi mmoja tu mezani kwetu. Hakuwa ameingia kwenye utani, akaona ukatili mtupu.

Kwa hiyo ukiwaalika watu msiojuana, tuseme wafanyakazi wenzako au vijana wa mtaa, anza na enzi ya tatu, Kill Team hasa. Kanuni zinawalinda wote mpaka mzoeane. Baada ya miezi sita, chomekeni jedwali moja la zamani muone nani anacheka.

Kama muda ni mdogo lakini unataka giza lile lenyewe, saa tatu za Jumapili baada ya ibada, enzi ya pili ya mwanzoni itakutosha. Mpenzi wa kusoma asiye na mpango wa kurusha dadu naye aanzie hapo.

Mfuko ukiwa mtupu, tenganisha hadithi na kanuni. One Page Rules, watunzi wengine wa michezo ya mezani, wana kanuni za bure zinazoitwa Grimdark Future, kurasa chache tu, na hazijali askari wako ametoka kiwandani au ametoka kwenye kopo la deodoranti. Ukizichapisha hapo stesheneri, hadithi chukua ya enzi unayoitaka. Sisi sasa tunafanya hivyo Jumamosi nyingi: kanuni za bure, jedwali la 1988, sanamu za chalii za mwaka juzi.

Na kama unatokea Moshi, panda gari la asubuhi mapema, kifaru changu utakinusa kabla hujakiona. Ile kadi iache nyumbani.